Chekilisti wanaijua, wodini wanaduwaa: simulesheni ya kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi kutatua matatizo

Swali: Nafundisha stashahada ya uuguzi na ukunga. Wanafunzi wangu hufaulu vizuri mitihani ya vitendo kwa chekilisti, lakini wakienda wodini na mgonjwa akabadilika ghafla, wanaduwaa na kunitazama mimi. Chuo kina midoli mitatu ya mazoezi, mmoja umevunjika mkono, na hatuna mashine za kisasa. Darasa lina wanafunzi 48, wakufunzi tuko wawili. Nitumieje simulesheni, yaani mazoezi ya kuigiza hali ya mgonjwa, kuwafundisha kutatua matatizo badala ya kukariri hatua?

Jibu: Mwalimu, mdoli uliovunjika mkono haukuzuii. Kinachokuzuia ni karatasi anayopewa mwanafunzi kabla hajaugusa huo mdoli. Kituo cha mtihani kikiandikwa "Mhudumie mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua", kazi ngumu kuliko zote imeshafanywa na aliyetunga swali. Yeye ndiye aliyeona kwamba kuna tatizo na akalipa jina. Mwanafunzi amebakiziwa mikono tu. Wodini hakuna anayekuja kulitaja tatizo. Kuna mama amejifunika kitenge, anasema ana kiu, na faili lake linaonyesha mambo yote yalikwenda sawa.

Mwaka 2006 Christine Tanner, profesa wa uuguzi wa Oregon, Marekani, alieleza uamuzi wa muuguzi kwa sehemu nne: kutambua, kufasiri, kuchukua hatua na kutafakari. Chekilisti hupima ya tatu peke yake. Hilo si la kuidharau, maana asiyejua kuweka kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) hatamsaidia mgonjwa anayeishiwa damu hata akifikiri vizuri namna gani. Stadi zifundishwe kwanza, zirudiwe mpaka mikono iende yenyewe. Simulesheni ya kufundisha kufikiri huanza pale stadi zinapoishia, na hutungwa kwa namna nyingine. Kwa kuanzia shika kanuni moja: kisa kiwe na mahali ambapo jibu la kwanza linalomjia kila mtu halifanyi kazi.

Kisa kimoja, kizima

Tuchukue hiyo hiyo damu ya baada ya kujifungua, kwa kuwa hatua zake wanafunzi wako wameshazihifadhi. Mwanafunzi akiona damu hufikiri mfuko wa uzazi umelegea, na mara nyingi huwa amepatia, kwani hicho ndicho chanzo kikuu. Vyanzo vingine vitatu (kuchanika kwa njia ya uzazi, kondo la nyuma au kipande chake kubaki ndani, na damu kutoganda) huvikumbuka kwenye mtihani wa kuandika. Kisa kimlazimishe kuviendea akiwa kitandani kwa mgonjwa.

Mgonjwa ni Mama Zawadi, miaka 24, uzao wa pili. Amejifungua dakika 40 zilizopita mtoto wa kilo 3.9, na alisukuma kwa muda mfupi sana. Faili linasema: oksitosini (dawa ya kubana mfuko wa uzazi) uniti 10 kwenye msuli imetolewa, kondo limetoka lote na utando wake, msamba haujachanika, damu iliyopotea mililita 200. Zamu ndiyo inabadilika. Mkunga anayekabidhi, ambaye ni mkufunzi mwenzako, anasema "Huyu yuko vizuri," anampa mwanafunzi faili na kuondoka.

Asichokijua mwanafunzi ni kwamba shingo ya kizazi imechanika. Mfuko wa uzazi ni mgumu, kibofu ni kitupu. Damu nyekundu ya kung'aa inavuja taratibu na kukusanyika chini ya makalio, na haionekani mpaka mtu afunue kitenge.

Karatasi ya hali za mgonjwa ikae mkononi mwako tu:

- Mwanzo: mapigo 98, presha 110/70, pumzi 20 kwa dakika, ana kiu. Damu iliyo chini yake mililita 350.
- Dakika ya 4: mapigo 118, presha 96/60, pumzi 24, kizunguzungu, hatulii kitandani. Damu 600.
- Dakika ya 8, kama hakuna aliyechunguza njia ya uzazi: mapigo 132, presha 80/50, pumzi 28, ngozi baridi, anajibu kwa shida. Damu 900.
- Njia ya kupona: wakichunguza kwa mwanga mzuri, wakauona mchaniko, wakaukandamiza kwa shashi na kuita daktari huku dripu ikienda, damu inapungua na baada ya dakika tatu mapigo ni 112, presha 100/64.

Namba hizi zimepangwa kwa makusudi. Presha ya mwanzo, 110/70, inapendeza, na mwanafunzi aliyezoea kutazama presha peke yake ataandika "anaendelea vizuri". Lakini gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha: 98 kwa 110 ni 0.89, na kuanzia 0.9 ni ishara ya hatari. Dakika ya nne uwiano umeshafika 1.23. Mama mwenye afya huvumilia upotevu wa damu kwa muda presha ikiwa bado inasimama, mapigo yakiwa yameanza kukimbia, na mwanafunzi akikutana na jambo hilo mara moja kwa macho yake hahitaji kusomewa tena.

Zingatia tofauti moja hapa. Jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na matokeo yake kutolewa mwaka 2023, lilipunguza utokaji mkubwa wa damu na madhara yake kwa asilimia 60. Damu ilipimwa mapema kwa mfuko wenye alama, kisha matibabu yakatolewa yote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kukoma), maji ya dripu, na uchunguzi wa njia ya uzazi, huku msaada ukiitwa damu isipokoma. Kwa hiyo usiwafundishe wanafunzi kuacha kifurushi hicho ili "wafikiri kwanza". Wakitoe, na wakitoe haraka: traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Njia panda ya kisa chetu iko kwenye kipande wanachokiruka, yaani uchunguzi. Wanakiruka kwa sababu wameshaamini mfuko umelegea. Utawaona wanaukanda mfuko mgumu kwa dakika nne, wanaomba oksitosini nyingine, na damu inaendelea kutoka. Acha kosa hilo litokee mbele yako, kwa sababu hapa halimgharimu mtu.

Ukitunga visa vyako mwenyewe, mambo matatu huviharibu. La kwanza ni kurundika: damu, shinikizo la juu la damu, malaria kali na ndugu mlevi, vyote kwa dakika 12. Mwanafunzi hazidi kufikiri, anachanganyikiwa tu. Kisa kimoja kibebe malengo mawili, yakizidi sana matatu. La pili ni mtego usio wa haki: dalili ambayo mwanafunzi wa ngazi hiyo hawezi kuipata kwa macho, mikono na vifaa alivyopewa. Kila kidokezo kipatikane na anayekitafuta. La tatu ni faili linalovujisha jibu. Mpe mkufunzi mwenzako asome faili peke yake. Akitaja chanzo bila kumgusa mgonjwa, andika upya.

Vifaa

Mdoli hausemi, haulalamiki, haukushiki mkono. Kwa kisa cha namna hii mgonjwa awe mtu: mwanafunzi wa mwaka wa juu, mtumishi wa chuo aliyekubali, au wewe. Kama chuo kina MamaNatalie, ile ya kuvaliwa kiunoni na mtu, tumia hiyo. Kama hakina, mtu awe mgonjwa kuanzia kiunoni kwenda juu, na chini yake weka kielelezo cha nyonga, vifunikwe vyote kwa kitenge kimoja. Ule mkono uliovunjika ulaze kando ya mgonjwa: sindano na kanula zote ziingie humo, kamwe zisimguse mtu hai.

Damu ni maji yenye rangi nyekundu ya chakula, ndani ya mfuko wa dripu wa mililita 500, na mrija wake unapita chini ya shuka hadi kwenye pedi. Kabla ya siku yenyewe, jaribu kwa jagi lenye vipimo na saa ya simu uone rola ya mrija ikifunguliwa kiasi gani inatoa mililita 60 kwa dakika. Weka alama ya kalamu. Usipojaribu, ama mama ataishiwa damu dakika ya pili au kitenge kitabaki kikavu. Paka mafuta mazito ya kupaka kwenye ngozi ya mdoli kabla, vinginevyo rangi itabaki hapo miaka.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Chupa na vichupa vya dawa vilivyojazwa maji ya mazoezi viandikwe KWA MAFUNZO TU, vihesabiwe kabla na baada, na visitoke chumbani. Vikiingia mfukoni mwa koti la mwanafunzi, kesho viko wodini.

Kuendesha

Dakika kumi za mwanzo ni za maelekezo, na zikifupishwa kila kitu kinachofuata kinaharibika. Waonyeshe kitanda, vifaa vilipo, nani ni mgonjwa, simu ya kumwita daktari ni ipi. Waambie kisichoweza kuigizwa: "Ngozi haitabadilika rangi. Ukitaka kujua kama amepauka, mtazame kisha uniulize, nitakujibu." Waambie hakuna alama, na yatakayotokea humu hayasimuliwi bwenini. Kisha sheria moja: kipimo hutolewa kwa aliyepima. Asiyefunga kitambaa cha presha mkononi mwa mgonjwa hapewi presha, na pumzi hazitajwi kwa asiyetazama kifua kwa sekunde 60. Wakufunzi wengi hutangaza namba mapema ili kuokoa muda, na kwa kufanya hivyo humwondolea mwanafunzi ile sehemu ya kutambua iliyomleta humo.

Watatu waigize wakiwa timu. Mmoja wao awe kiongozi, na umtake aseme kwa sauti sentensi yenye vipande vitatu kila anapofanya uamuzi mkubwa: "Nadhani ni hivi, kwa sababu hii, na nitajua nimekosea nikiona hiki." Kipande cha tatu ndicho kigumu na ndicho chenye faida kubwa. Aliyesema "nitajua nimekosea kama mfuko ni mgumu na damu bado inatoka" amejiwekea mwenyewe mlango wa kutokea kwenye dhana yake ya kwanza.

Wewe nyamaza. Hili huwashinda wakufunzi wazuri kuliko wabaya, kwa sababu aliyezoea wodi hawezi kutazama damu bila kusema. Timu ikikwama, msaada utoke ndani ya kisa, kwa ngazi. Kwanza mgonjwa: "Nesi, mbona nasikia kama nimelowa huku chini?" Dakika nzima ikipita bila mabadiliko, aingie shangazi yake na uji: "Jamani, hiki kitenge si nimekileta kikavu?" Wakiwa bado wamekwama, daktari kwenye simu awaulize: "Mfuko wa uzazi ukoje? Damu inatoka wapi?" Andika ni ngazi ipi ilitumika. Timu iliyohitaji mgonjwa tu na iliyohitaji daktari haziko mahali pamoja, hata kama zote zimemwokoa mama.

Mgonjwa asife. Kwa wanafunzi wa stashahada kifo cha kushtukiza kwenye mazoezi hufunika kila kingine, na mjadala wote utageuka wa kufarijiana. Timu ikishindwa kabisa, dakika ya 12 daktari anafika na unafunga kisa hapo.

Simu ya daktari usiifanye ya kupita, kwa maana ndani yake mwanafunzi hulazimika kupanga alichokielewa. "Daktari njoo haraka, mgonjwa mbaya" ni taarifa ya mtu aliyetambua bila kufasiri. Unayoitaka ni kama hii: "Daktari, niko wodi ya wazazi. Mama wa miaka 24, amejifungua dakika 50 zilizopita, ametokwa na damu kama mililita 600 na inaendelea. Mapigo 118, presha 96 kwa 60. Mfuko wa uzazi ni mgumu, kondo lilitoka lote. Nadhani shingo ya kizazi imechanika. Dripu na traneksamiki zinakwenda. Naomba uje sasa, na tuandae damu." Anayeigiza daktari awe mgumu kidogo, aseme yuko bize. Wodini ndivyo itakavyokuwa usiku.

Mjadala wa baada

Kisa cha dakika 12 kinahitaji mjadala wa dakika 25. Kama muda umebana, punguza kisa, usipunguze mjadala. Kisa peke yake humpa mwanafunzi msisimko na aibu. Kufikiri kwake kunabadilika pale anapokaa chini na kueleza alichokuwa anakiwaza.

Toka kwenye chumba cha kitanda, kaeni mduara, na wewe usikae mbele ya meza. Dakika tatu za kwanza waache watoe yaliyo moyoni: wengine watacheka, wengine watasema "mimi nimeua". Dakika nne zinazofuata, mwangalizi aliyekuwa akiandika muda asome yaliyotokea, bila kuhukumu: dakika ya 1 walisalimia, dakika ya 3 walipapasa mfuko, dakika ya 5 walifunua kitenge. Baada ya hapo ndipo uchambuzi, na hapo swali moja likiulizwa vibaya linafunga midomo yote.

Swali baya: "Kwa nini hukuchunguza njia ya uzazi?" Hilo ni shtaka. Jibu litakuwa "Nilisahau, mwalimu," kila mtu atainama, na hutajua kitu, maana mara nyingi hakusahau. Njia iliyoelezwa na Jenny Rudolph, mtafiti wa mafunzo ya simulesheni, na wenzake mwaka 2006 ina vipande vitatu: ulichokiona, kinachokutia wasiwasi, kisha kuomba kujua fikra zake. "Nimeona dakika ya tatu ulipapasa mfuko wa uzazi ukasema ni mgumu, halafu ukaendelea kuukanda hadi dakika ya saba. Nina wasiwasi, kwa sababu mfuko ukiwa mgumu damu huwa inatoka kwingine. Wakati ule ulikuwa unafikiria nini?" Kisha hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Ukimya huo ni mzito darasani kwetu, ambako mwanafunzi hungoja mwalimu amalizie, usiujaze.

Majibu utakayopata yatakuonyesha cha kutibu. Mmoja atasema, "Sikuwa na hakika kama ni mgumu kweli." Huyo ana tatizo la stadi, arudi maabara apapase vielelezo vya kulegea na kukaza. Mwingine: "Faili lilisema msamba haujachanika." Huyo anajua kupapasa vizuri, ila aliliamini faili kupita macho yake, na pengine hatofautishi msamba na shingo ya kizazi. Wa tatu: "Nilihisi amechanika, ila nilingoja kiongozi aamue." Tatizo lake ni heshima na woga wa kusema, na hata ukimrudishia somo la vyanzo vya damu mara kumi hatapona. Kwenye chekilisti hawa watatu wanapata sifuri moja ile ile.

Waulize pia waliofanya vizuri. Aliyechunguza njia ya uzazi mapema kwa sababu "kwenye chekilisti inafuata" hajafikiri zaidi ya aliyechelewa. Kazi yako hapa ni kuchimba sababu, na ukijikuta unazungumza zaidi ya nusu ya muda, jua umerudi kwenye mhadhara.

Kisha geuza kitu kimoja tu na uwaulize upya. Je, mfuko ungekuwa laini na uko juu ya kitovu, umesogea upande? Je, wakati wa ujauzito presha yake ilikuwa 150/100, na mtu anataka kumchoma ergometrini, dawa nyingine ya kubana mfuko? (Hapo wanapaswa kuruka juu: dawa hiyo hupandisha presha.) Je, hamna daktari hapo kituoni na hospitali iko mwendo wa saa moja? Maswali haya huondoa fikra kwenye kisa kimoja na kuzipeleka kwenye vinavyofanana nacho. Malizia kwa kila mmoja kutaja jambo moja atakaloliangalia kwa mgonjwa wa kweli wiki hiyo, kwa maneno yanayopimika. "Nitakuwa makini" usiipokee.

Baada ya mjadala wape dakika 8 warudie, waangalizi wakiwa waigizaji. Marudio haya wakufunzi huyaacha kwa kisingizio cha muda. Mwanafunzi aliyeambiwa kosa lake na hakupewa nafasi ya kulirekebisha hutoka na kumbukumbu ya kosa.

Wanafunzi 48, wakufunzi wawili

Kundi la watu sita: watatu wanaigiza, watatu wanaangalia kwa kazi maalumu. Mmoja anaandika muda, wa pili anaandika yaliyosemwa kwa sauti, wa tatu anamtazama mgonjwa tu, nani alimjibu na nani alimsahau. Mwangalizi asiye na kazi huchezea simu.

Maelekezo dakika 10, kisa 12, mjadala 25, marudio 8, kufunga 5: saa moja kamili, na dakika 10 za kufuta damu na kupanga upya. Makundi ni manane. Kila mkufunzi akiwa na chumba chake, mchana mmoja wa saa mbili na dakika 20 unapitisha makundi manne. Michana miwili inamaliza darasa. Tatizo ni kwamba mkufunzi mmoja hawezi kuwa mwendeshaji, mkunga wa zamu, shangazi na daktari kwa pamoja. Chukua wanafunzi wawili wa mwaka wa juu, wafanye mazoezi ya nafasi hizo siku moja kabla, nao watajifunza kuliko wanavyodhani.

Na jibu litavuja. Kundi la kwanza likitoka, la tatu litaingia likitafuta mchaniko moja kwa moja. Usipigane na hilo kwa vitisho. Tunga ndugu wa kisa wenye mwanzo ule ule, neno kwa neno, lakini chanzo tofauti. Wa pili: kibofu kimejaa na mfuko umelegea. Wa tatu: mfuko unakaza ukikandwa na kulegea tena, kwa sababu kipande cha kondo kimebaki ingawa faili linasema limetoka lote. Wa nne ni mgumu, uwekee mwaka wa tatu: damu nje ni kidogo, lakini mama analia maumivu makali na hisia ya kusukuma, mapigo yanapanda, na damu imejikusanya ndani ya kuta za uke. Uvumi wa bwenini sasa unakusaidia, kwa kuwa anayeingia na jibu la jirani atakwama papo hapo, na mjadala wa kung'ang'ania dhana ya kwanza utakuja wenyewe.

Kupima, na kurudia

Siku za kujifunza zisichanganywe na siku za alama. Mwanafunzi anayejua anapimwa huficha asichokijua, na asichokijua ndicho unachokitafuta. Ukifika wakati wa kupima, kipimo cha uamuzi wa muuguzi cha Kathie Lasater, mwalimu wa uuguzi, cha mwaka 2007 kimejengwa juu ya zile sehemu nne za Tanner, kina vipengele 11 na ngazi nne. Kikiwa kirefu mno kwa hali yako, andika mambo manne: dakika ya kutambua kwamba kuna tatizo, idadi ya vyanzo vilivyotajwa kwa sauti, dakika ya kuita msaada, na kama taarifa kwa daktari ilikuwa na pendekezo ndani yake.

Usifanye tamasha moja kubwa kwa muhula. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa somo hili wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliboresha utendaji kwenye mdoli, lakini hayakubadilisha huduma kwa watoto wenyewe. Baadaye wakaanza mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, hapo hapo kazini, na ripoti ya mwaka 2015 ikaonyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vimeshuka kutoka kama 11 hadi kama 7 kwa kila vizazi hai 1000. Kwa chuo chako maana yake ni visa vitano vidogo kwa muhula kabla ya kimoja cha kifahari, na mdoli mmoja uliowekwa mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuufikia bila kuomba ufunguo.

Utasikia pia hoja kwamba simulesheni inaweza kuchukua nafasi ya wodi, na atakayeitoa atataja utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliohusisha vyuo kumi, ambapo hadi nusu ya saa za kliniki zilibadilishwa bila matokeo kushuka. Ni kweli, ila vyuo hivyo vilikuwa na wakufunzi waliofunzwa hasa kuendesha mijadala, na vifaa vya kutosha. Kwa wakufunzi wawili na wanafunzi 48, saa za wodini zilizo kwenye mtaala zibaki kama zilivyo. Simulesheni itangulie wodi kwa siku moja au mbili, na siku ya wodi muulize mwanafunzi kwa mgonjwa mmoja wa kweli: umeona nini, unadhani ni nini, kitu gani kitakuonyesha umekosea, na utafanya nini kwanza.

Kisa cha damu kikishakaa sawa, kinachofuata kiwe cha nje ya uzazi, wasije wakadhani njia hii ni ya leba peke yake. Mzee mwenye kisukari anayeletwa na ndugu wakisema ana degedege la malaria, anatoka jasho, ameropoka tangu alfajiri; sukari yake ni 2.1 mmol/L, lakini glukomita, mashine ya kupima sukari, iko kwenye droo na haitaletwa na mtu asipoiomba. Dakika ya 5 asipopimwa, aanze kusinzia. Vinavyohitajika ni kitanda, mtu anayejua kuropoka vizuri, na droo.